Daftari Juu ya Jokofu

Chama cha Anthropolojia, Chuo cha Kutaisi:
wanachama kumi na wanne kwenye orodha,
saba wanaolipa ada,
watano waliofika kituo cha basi alfajiri ya Ijumaa,
na mmoja wao, Badri, alimfuata Nestani,
hakuifuata sayansi.

Mimi nilikuwa mweka hazina.
Ndani ya soksi nilificha lari mia na themanini,
bajeti ya mwaka mzima:
nauli, betri, mkate,
na zawadi ambayo mlezi wetu alituonya isiwe mvinyo,
maana kupeleka mvinyo milima ya Racha
ni kumuuzia nyuki asali.
Tukabeba majani ya chai.

Alhamisi zote za majira ya baridi
tulikutana chumba cha ramani, ukutani kwa tanuri,
tukijifunza kuuliza.
Usiulize swali lenye jibu tumboni.
Usiseme "zamani" kana kwamba watu wamekwisha.
Nyamaza. Hesabu hadi saba. Nyamaza tena.
Nestani aliigiza bibi wa kijijini,
Zurabi mtafiti, akaanza na umri wake;
bibi akamtimua kwa ufagio,
tukacheka mpaka mlinzi akaja na tochi.

Barabara ya Racha hupanda
kama mtu aliyepoteza funguo:
huku, kule, huku tena.
Zurabi alitapika mara mbili, akaandika saa.

Tulikwenda kuuliza habari za nyama ya moshi:
nani huchoma kuni gani, nani hukata,
na mzee akifa, kulabu za darini
hurithiwa na nani.
Maswali arobaini na moja, nakala tano, kalamu za akiba.

Eteri, karani wa posta aliyestaafu,
alijibu matatu.
La nne alilijibu kwa kumpandisha Badri darini
ashushe paja zito kama mtoto wa darasa la pili.
La tano tulilisahau, tulikuwa tunamenya viazi.

Ndipo, mikono ikinuka kitunguu saumu,
akashusha daftari la mirabaa kutoka juu ya jokofu.
"Na mimi huandika," akasema.
Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya dirisha la posta:

*Themanini na saba. Kutoka Tbilisi, sita, wote wanaume.
Waliuliza juu ya mazishi siku mbili.
Hakuna aliyeuliza nimemzika nani.*

*Elfu mbili na nne. Mjerumani mmoja.
Alikula polepole. Aliandika hata mbwa alipokohoa.*

*Kumi na moja. Wasichana watatu, wenye adabu.
Waliahidi picha.*

Akafunua ukurasa mpya, akalowesha kidole.
Majina? Ukoo wa mama?
Nani kwenu huosha vyombo bila kuambiwa?
Kulabu zenu mtamwachia nani?
Tukatazamana.
Zurabi alianza kusema kitu, kikakwama.
Nilihesabu hadi saba, kisha hadi ishirini,
na kimya chetu, tulichokifanyia mazoezi miezi mitano,
safari hii kilikuwa cha kweli.

Akaandika, akasoma:
*Watano. Wanamenya nene, viazi nusu vimekwenda na maganda.
Wa shati la kijani anampenda mwenye miwani.
Mwenye miwani anajua.*

Masikio ya Badri yakawa beti iliyochemshwa.
Nestani akaangalia sufuria
kwa makini ambayo sufuria haikustahili.

Ripoti yetu ina kurasa thelathini na mbili,
ina jedwali la kuni, ina mchoro wa dari.
Juu ya Eteri inasema: mwanamke, mkazi,
alihojiwa mara moja.
Mlezi ametupa alama nzuri.

Zilibaki lari kumi na moja.
Katiba yetu inataka salio lirudi idarani.
Nilichapisha picha sita, moja ya mbwa,
nikazituma kwa rejista,
risiti nikaibandika chini ya "Matumizi Mengine".

Mkaguzi ameizungushia wino mwekundu.
Sijamjibu bado.
Alhamisi ijayo tunachagua viongozi,
na nasikia hakuna mwingine anayeitaka soksi.